Vifungo Ishirini vya Jua

Nyumba gani inakwenda safari na kitanda chake, jiko lake na mlango wake, kisha jioni inarudi mahali pake bila kuvunja kikombe?

Jibu lilikuwa limeegeshwa uani kwa fundi cherehani mmoja. Lilikuwa basi dogo la zamani. Viti vilikuwa vimeng'olewa. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, jiko dogo la gesi, kabati, na choo kidogo nyuma ya pazia. Wenyewe waliliita gari-nyumba. Majirani waliliita kabati lenye magurudumu.

Aliyelitengeneza ni mume wa Fundi. Alikuwa dereva wa mabasi tangu ujana wake. Madereva wenzake walimbandika jina la Kivuli. Si kwamba alikuwa mwembamba, la. Tumbo lilikuwepo. Ila hakuwahi kuliacha basi juani. Akifika kituo chochote, jambo la kwanza ni kutafuta kivuli.

"Gari ni kama mtoto," alikuwa akisema. "Humwachi mtoto juani."

Abiria walimpenda kwa hilo. Hakuna aliyewahi kukalia kiti cha moto katika basi lake.

Nyumbani waliishi na mama yake Kivuli, ambaye wote walimwita Bibi. Bibi alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Alichomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni, na mchomaji alikuwa mkwe wake. Kivuli aliwahi kujaribu mara moja. Akafumba macho.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "ukifumba macho utalichoma godoro."

Basi kazi ikawa ya Fundi. Asubuhi alikuwa akitoa chupa ya dawa kwenye friji. Aliiviringisha taratibu kati ya viganja vyake mpaka dawa ichanganyike. Bibi alikuwa akisubiri huku amepandisha nguo kidogo tumboni.

"Kitendawili!" alisema Bibi.

"Tega, Mama."

"Nina nyuki wangu. Kila siku ananiuma, na kila siku namshukuru."

"Sindano."

"Lo! Umejuaje upesi hivyo?"

"Si mimi ndiye ninayemshika huyo nyuki, Mama?"

Walicheka, na wakati wanacheka sindano ilikwisha kuingia na kutoka. Huo ndio ulikuwa ujanja wa Fundi.

Bibi alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyeishi mbali sana. Bibi ndiye aliyemlea kwa mgongo wake mwenyewe, maana mama yao alikufa mapema. Sasa wote walikuwa wazee. Mdogo mtu hakuweza tena kusafiri. Walionana kwa sauti tu, kwenye simu. Siku moja alisema neno ambalo Bibi hakulisahau.

"Dada, macho yangu yameanza kufunga duka. Njoo nikuone kabla hayajateremsha mlango."

Bibi alirudisha simu, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Kwenda kwa basi hakungewezekana. Bibi hakuweza kuketi kutwa kwa siku kadhaa. Tena kijijini kwa mdogo wake umeme haujafika, na dawa inataka ubaridi. Chupa ya barafu ingeyeyuka nusu ya njia. Ndiyo maana Kivuli alilinunua lile basi dogo. Mama yake angelala njia nzima, na dawa ingelala kwenye friji.

Alifunga paneli moja ya jua juu ya paa. Akachukua betri ya gari, ile ya kuwashia injini, akaiunganisha na friji ndogo. Friji ikanguruma.

"Mnaona?" alisema Kivuli, mikono kiunoni. "Jua ni la bure. Tumemaliza."

Fundi hakuwa na shaka, ila alikuwa mtu wa kujaribisha nguo kabla ya kushona mwisho. "Tukalale nje ya mji kwanza," alisema. "Tuone."

Wakaenda. Kivuli akazunguka uwanja mzima mpaka akapata mti mkubwa wenye majani mazito. Akaliingiza gari chini yake, akashuka, akajipongeza. "Hapa hata mchana tutatafuta shuka!"

Usiku ule Bibi alilala vizuri. Kesho yake wakapika, wakapunga upepo, wakasimuliana ya zamani. Baada ya sindano ya asubuhi hakuna aliyeifungua friji mpaka saa ya sindano ya jioni.

Fundi akaifungua. Taa ya ndani haikuwaka. Akashika chupa ya maji iliyokaa karibu na dawa. Ilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogea mtoto. Akatazama kipimajoto kidogo alichopewa na muuguzi. Muuguzi alimwagiza kisishuke chini ya nyuzi mbili, wala kisizidi nane. Kilikuwa kimepita ishirini na nane.

"Baba, njoo," alimwita mumewe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kivuli aliinua chupa ya dawa akaitazama kwenye mwanga. "Mbona iko vilevile? Haijabadilika."

"Muuguzi alisema dawa iliyopata joto huweza isibadilike sura. Utaiona nzima, kumbe nguvu imekwisha. Hatumchomi Mama kwa kubahatisha."

Walirudi nyumbani jioni ileile, ambako chupa nyingine zilikuwa salama. Njiani hakuna aliyetega kitendawili.

Walipofika, Bibi alishika mkono wa mkwe wake. "Mwanangu, niacheni. Nendeni ninyi wawili. Mwambieni mdogo wangu nampenda. Salamu hazihitaji friji."

"Salamu hazina uso, Mama," alisema Fundi. "Yeye ameomba uso."

Asubuhi yake alivuka barabara kwenda kwa jirani yao, Bi Nyaya. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa akifunga umeme wa jua kwenye nyumba na maduka, na mfukoni mwake hamkukosekana kipande cha waya. Bi Nyaya alikuja na bisibisi yake na mdomo wake.

Alipanda juu ya paa la gari, akashuka. Akatazama betri, akatazama friji. Kisha akamtazama Kivuli.

"Shemeji, nani alikupimia haya?"

"Macho yangu."

"Macho ya dereva yanapima barabara. Haya kaa hapa. Fundi, ukishona gauni unaanzia wapi? Kwenye kitambaa?"

"Hapana. Naanzia kwa mvaaji. Nampima kwanza, ndipo nijue kitambaa."

"Basi shemeji alinunua kitambaa kwanza! Leo tunampima mvaaji. Lete kitu cha kuhesabia."

Fundi akaleta kopo lake la vifungo, akalimimina juu ya meza ya kukatia. Vifungo vyeupe, vyekundu, vya mbao, vikasambaa. Bibi naye akasogeza kiti.

"Kila kifaa kina nguvu yake," alisema Bi Nyaya. "Nguvu hiyo inapimwa kwa wati, nayo imeandikwa nyuma ya kifaa. Lakini wati peke yake haikuambii kitu. Lazima ujue kifaa kinafanya kazi saa ngapi kwa siku. Wati mara saa. Hapo unapata wati-saa, yaani umeme ambao kifaa kinakula. Tukubaliane: kifungo kimoja ni wati-saa hamsini. Tuanze na friji."

Fundi akasoma kibandiko. "Wati hamsini."

"Friji haifanyi kazi kutwa kucha. Inanguruma, inapumzika. Kwa joto la ndani ya gari, tuseme kazi yake yote inafika saa kumi na mbili kwa siku. Hamsini mara kumi na mbili?"

"Mia sita," alisema Bibi kabla ya wote.

"Bibi bado kijana! Mia sita ni vifungo kumi na viwili."

Fundi akavipanga mstari. Ulikuwa mrefu. Kisha wakaja kwenye feni ya Bibi, wati ishirini kwa saa tano. Hiyo ni mia moja, vifungo viwili. Taa na simu zote kwa pamoja, kifungo kimoja. Cherehani ndogo ya umeme, wati mia kwa nusu saa, kifungo kimoja.

"Na pasi yangu?" aliuliza Fundi. "Nguo isiyopigwa pasi haina mnunuzi."

"Wati ngapi?"

"Elfu moja."

Bi Nyaya akapiga mluzi. "Kitu chochote cha umeme kinachotoa moto ni mlafi. Pasi, birika, jiko. Kwa nusu saa tu pasi yako inakula mia tano. Vifungo kumi!"

Fundi akavihesabu vile kumi, akaviweka kando ya vile vya friji. Mistari miwili ikakaribia kulingana. Akaitazama kwa muda. Kisha akavirudisha vile kumi ndani ya kopo, kimoja kimoja.

"Nitabeba pasi ya mkaa. Nitapigia nje."

"Usiache kazi yako kwa ajili yangu, mkwe wangu," alisema Bibi.

"Ninaacha waya tu, Mama. Kazi naenda nayo."

Vikabaki vifungo kumi na sita. Bi Nyaya akaongeza vinne. "Hivi ni vya njiani. Umeme ukipita kwenye nyaya na vifaa, sehemu yake inapotea, kama maji kwenye ndoo ya mtu anayetembea haraka. Usipouhesabu, utakupungukia. Jumla?"

"Ishirini."

"Vifungo ishirini. Wati-saa elfu moja kwa siku. Huyo ndiye mvaaji wenu. Sasa tuangalie kile kitambaa cha shemeji."

Kivuli akajikohoza.

"Betri hii ina volti kumi na mbili, yaani msukumo wake, na ampea-saa sabini, yaani ujazo wake. Ukizidisha unapata wati-saa mia nane na arobaini. Lakini betri ya aina hii huitumii yote. Ukivuka nusu unaiua. Kwa hiyo unacho kama vifungo vinane tu. Friji peke yake inataka kumi na viwili!"

"Lakini hiyo betri inawasha injini ya basi zima!" alisema Kivuli.

"Ndiyo, kwa sababu ni mkimbiaji wa mbio fupi. Anatoa nguvu zote kufumba na kufumbua, kisha anapumzika. Friji inataka mchukuzi wa safari ndefu, anayetembea polepole usiku kucha. Zipo betri zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Haya, paneli. Hii ni ya wati mia moja. Jua linawaka saa ngapi?"

"Toka asubuhi mpaka jioni. Saa kumi na mbili."

"Jua la asubuhi na la jioni ni la kupiga picha, shemeji. Jua lenye nguvu tulihesabie saa nne, tusijidanganye. Mia mara nne ni mia nne. Vifungo vinane tena." Akavipanga vifungo vinane. "Hivyo ni gari likiwa juani. Ninyi mliegesha wapi?"

Kivuli akainama kuokota kifungo kilichoanguka.

"Bibi?" aliuliza Bi Nyaya.

"Chini ya mti," alisema Bibi kwa upole.

Bi Nyaya akaanza kuondoa vifungo. Akaondoa kimoja, kingine, kingine, mpaka mezani kikabaki kifungo kimoja chekundu. "Kivuli kikigusa hata kona ya paneli, umeme wake unaanguka. Mti mzima, je?"

Kivuli alikitazama kile kifungo. Mzaha ulimtoka usoni. "Kwa hiyo ni mimi. Kivuli changu ndicho kilichoiharibu dawa ya mama yangu."

Fundi alitaka kusema neno, lakini Bibi alimtangulia.

"Njoo hapa, mwanangu. Kivuli chako kimewasitiri watu wengi. Hicho si kosa. Ila gari limepata kazi mpya, na hakuna aliyekueleza. Kitendawili!"

"Tega, Mama," alisema Kivuli, kichwa chini.

"Mgeni wangu huja kila siku na mzigo wa bure. Nami kila siku namkimbia."

Kivuli akafikiri. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa mji wa mdogo wako."

Macho ya Bibi yaling'aa. "Nimeupokea," alisema. "Huyo mgeni ni jua."

Bi Nyaya alijifanya anatafuta bisibisi mfukoni. Kisha akaendelea.

"Sasa tukate kitambaa. Betri kwanza. Siku nyingine mawingu hayaondoki. Tutake siku mbili bila jua. Siku moja vifungo ishirini, siku mbili?"

"Arobaini. Elfu mbili," alisema Fundi.

"Na chini tuache akiba, tusiikombe betri kama sufuria. Tufanye elfu mbili na mia tano. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa mia mbili, yenye volti kumi na mbili na nukta nane, inafika hapo. Ya risasi, kama hiyo ya injini, ingekuwa kubwa zaidi, maana ile unaitumia nusu tu, na uzito wake ungelilaza gari lenu ubavu."

"Na paneli?"

"Elfu moja gawanya kwa saa nne za jua. Mia mbili na hamsini. Lakini hizo ni za kula na kumaliza. Baada ya mawingu, betri inadai pia chakula cha jana. Paneli pia hupata vumbi na joto. Weka mbili za wati mia mbili. Mia nne. Pima paa kama zinaingia."

Fundi alipanda mwenyewe na utepe wake wa cherehani. Zikaingia, na nafasi ya dirisha la hewa ikabaki.

"Tutaziinua kidogo juu ya bati, hewa ipite chini," alisema Bi Nyaya. "Shemeji, furahi. Zenyewe zitalifunika paa. Gari litakuwa limebeba kivuli chake."

Kivuli akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Vifaa walivipata polepole. Fundi alishona sare za shule, Kivuli akaendesha gari la watu wengine. Bi Nyaya alivifunga. Aliweka kidhibiti chaji kati ya paneli na betri, kinachozuia betri kushiba kupita kiasi, na kipimo kinachoonyesha umeme uliobaki. Alitumia nyaya nene. Karibu kabisa na betri aliweka fyuzi. "Nyaya zikigusana, fyuzi inakufa badala yenu," alisema. Betri yenyewe aliifunga kwa mikanda, isirukeruke njiani, tena mbali na jiko.

Safari hii hawakwenda kokote. Friji iliwashwa gari likiwa uani, ndani mkiwa na chupa za maji matupu, na mvua ilinyesha siku mbili. Fundi alikuwa akitoka na mwavuli kwenda kusoma kipimajoto. Nyuzi tano. Nyuzi tano. Nyuzi nne.

"Mama," alisema alipoingia ndani ameloa, "funga mzigo wako."

Njia ilikuwa ndefu. Bibi alilala, akaamka, akatazama dirishani, akatega. Walipopumzika mchana, Kivuli aliegesha katikati ya uwanja, juani kabisa, kisha akaenda mwenyewe kukaa kivulini. Dereva mmoja waliyefahamiana zamani alimpigia kelele, "Kivuli! Umepatwa na nini leo? Gari juani?"

"Linakula," alijibu Kivuli. "Usilisumbue."

Lakini karibu na mwisho wa safari mawingu yakafunga. Siku ya kwanza kipimo cha betri kilishuka. Siku ya pili kikashuka zaidi. Kivuli alikuwa akikitazama kuliko barabara.

"Turudi?" alimnong'oneza mkewe.

Fundi alivihesabu vifungo kichwani. Kumi na viwili vya friji haviguswi. Vingine vyote vinaweza kungoja. Akazima feni, akaifunika cherehani, akazima taa. Bibi akajipepea kwa kitambaa bila kuulizwa.

"Tuendelee," alisema Fundi. "Tulishapimia siku hizi."

Asubuhi iliyofuata jua likatoka limeoshwa. Kivuli akapanda juu kufuta paneli kwa kitambaa laini. Kipimo kikaanza kupanda. Kwenye friji, nyuzi tano.

Mchana ule wakafika.

Mdogo wake Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Alisikia gari, akainua uso. Bibi alishuka polepole, mkono mmoja begani kwa Kivuli. Alipofika karibu, mdogo wake alimvuta, akamsogeza uso kwa uso, karibu kabisa, mahali ambapo macho yake bado yaliona.

"Dada umezeeka!" alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi sijioni, kwa hiyo bado msichana."

Wakashikana, wakacheka, wakalia, hata hakuna aliyejua kipi ni kipi. Mdogo mtu alipapasa paji la uso la dada yake, nyusi, mashavu, kama anayesoma. Hakumwachia.

"Nakuona," alisema. "Nakuona kabisa. Utakaa siku ngapi? Usinidanganye. Watu wote wakija wananiambia gari linaondoka."

Kwa miaka mingi dawa ndiyo iliyompangia Bibi muda wa kutoka na wa kurudi. Akageuka kumtazama mkwe wake.

Fundi aliingia garini, akafungua friji. Taa ya ndani ikawaka. Chupa za dawa zilikuwa zimejipanga, baridi, za kumtosha Bibi kwa wiki nyingi. Alichukua moja, akatoka nayo, akaiweka kwenye kiganja cha yule mzee mwingine.

"Hii ya nini? Mbona baridi hivi?"

"Ni dawa ya dada yako, Mama Mdogo," alisema Fundi. "Ikiwa hivyo, hatuna haraka. Mtakaa mpaka mgombane."

Mama Mdogo alikifumba kiganja chake, akaishika ile baridi kwa nguvu, na mkono wake wa pili ukabaki usoni mwa dada yake.